Besi ya Shemeji

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Miaka arobaini nimeshika chuma cha kulehemu, nimetengeneza redio, televisheni, pasi, mpaka king'ora cha gari la zimamoto nimewahi kukifungua, na sheria yangu ni moja tu: kitu kinacholia usikiguse. Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, mke wa mwanangu aliposema sebuleni kwa dada yangu kwamba anataka kuifungua deki ya CD ya zamani "aiboreshe sauti", damu ilinichemka palepale.

"Inaumwa nini?" nikamuuliza.

"Haiumwi, baba. Naona tu inaweza kuimba vizuri zaidi."

"Deki hii niliitengeneza mimi."

"Najua, baba."

"Sasa kama unajua?"

Akainamisha macho kwa adabu zote za mkwe, huku mkono wake ukiendelea kufungua zipu ya mkoba wa vifaa. Huyu binti hana ubishi hata kidogo, ila anachotaka kufanya atakifanya. Kazi yake ni kutengeneza mitambo ya hospitali, zile mashine zinazolia ti-ti-ti kando ya kitanda cha mgonjwa. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba ule si ufundi, ni kubadilisha fyuzi tu. Nilisema hivyo kwa wivu. Nakiri leo.

Dada akakata shauri. "Mwache afungue. Deki ni yangu, si yako."

Nikakaa, nikakunja mikono, nikanuna.

Lazima niwaeleze habari ya deki hiyo, la sivyo mtaniona mzee mkorofi wa bure. Mume wa dada, shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga gitaa la besi. Miaka ishirini na miwili alipiga na bendi moja, amesimama nyuma pale karibu na ngoma, hacheki, hachezi, vidole tu vinatembea. Alifariki ghafla. Miezi michache baadaye kiongozi wa bendi, ambaye mtaa mzima tunamwita Mzee Tarumbeta kwa sababu ya chombo chake, akakusanya kanda zao za zamani, akazipeleka studio, zikatoka kwenye CD moja yenye nyimbo tisa. Nakala ya kwanza alimletea dada kwa mikono yake mwenyewe.

Dada akaiweka kwenye deki, akakaa mbele ya zile spika mbili kubwa alizoachiwa na mumewe, akasikiliza nyimbo zote tisa. Waimbaji wapo. Ngoma zipo. Tarumbeta lipo, tena limejaa tele. Mumewe hayupo. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Hayupo.

Sasa kila mtu alijua kwamba mwaka wa mwisho shemeji na Mzee Tarumbeta hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Dada akavuka barabara, maana wanatazamana milango, akamuuliza yule mzee mbele ya watu kwa nini amemfuta mume wake. Mzee akala kiapo. "Yupo, shemeji! Ingia ndani usikilize kwangu." Dada akamjibu kwamba huko ndani kwake atasikilizishwa CD nyingine, anaujua ujanja wa wanamuziki. Akarudi nyumbani, akaniita mimi.

"Wewe ndiye fundi," akasema. "Niambie kweli. Deki ni nzima?"

Nikajipiga kifua. "Nimeitengeneza mwezi uliopita kwa mikono hii. Ni nzima kuliko mimi na wewe."

Basi, ikawa hukumu. Toka siku hiyo, miaka kumi na moja, dada hajaitikia salamu ya Mzee Tarumbeta. Yeye kila asubuhi, "Shemeji, habari za asubuhi," na dada kila asubuhi anapita na kikapu chake, kimya, shingo ngumu.

Lakini ile CD hakuitupa. CD nyingine hana wala hazitaki. Kila Jumamosi anaiweka akiwa anafagia, na pale ambapo besi ya mumewe ingekuwepo, anaiimba mwenyewe kwa mdomo, dum, dum-du-dum, taratibu, huku ufagio unakwenda. Sisi tulikwisha kumzoea. Mkwe wangu alipoolewa kwetu akaja kumsalimia shangazi yake, akamkuta katika hali hiyo, akasimama mlangoni muda mrefu. Jumamosi iliyofuata ndiyo hii, amekuja na mkoba.

Akatandika shuka jeupe juu ya meza ya chakula. Akachomoa waya wa umeme, akangoja. Nikamuuliza anangoja nini, akasema umeme uliobaki ndani nao upewe nafasi ya kutoka. Akafungua kifuniko, na kila skrubu aliyoitoa akaitia kwenye tundu lake katika trei ya mayai, kwa mpangilio, akapiga picha kwa simu. Mimi skrubu naweka kwenye kisosi kimoja, na mwisho wa kazi zinabaki mbili, siku zote zinabaki mbili.

Dada akasogea. "Hebu nieleze, mwanangu. Unafanya nini humo?"

"Shangazi, kwenye CD hakuna sauti. Kuna namba tupu. Kuna chipu hapa inazisoma namba na kuzigeuza kuwa sauti, lakini hiyo sauti ni dhaifu, haifiki popote. Inapita kwanza kwenye mlango huu wa mwisho, hapa nyuma, ndipo iende kwenye amplifaya yako na kwenye spika. Waliotengeneza deki hizi walijitahidi mbele kote, walipofika mlangoni wakabana matumizi. Mimi naupanua mlango."

"Na namba zenyewe?"

"Sizigusi. Kilichomo ndicho kitakachotoka."

Nataka kusema kweli: mimi mwenyewe katika miaka arobaini sijawahi kumweleza mteja kitu akakielewa. Namwambia tu "imeungua".

Akawasha chuma cha kulehemu, kidogo, chembamba, chenye ncha ya kalamu. Kulikuwa na chipu ndogo ya miguu minane pale mlangoni. Kuitoa chipu ya namna hiyo bila kubandua njia za shaba kwenye bodi ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Mimi huikata miguu kwa koleo, halafu naomba dua. Yeye akayeyusha mguu mmoja mmoja, akainyonya risasi yote ya kulehemea, akapuliza, akaigusa chipu kwa kibano ikatoka yenyewe, nzima, na pale chini bodi ni safi, njia zote ziko mahali pake.

Nikasogeza kiti.

Badala ya kulehemu chipu mpya moja kwa moja, akaweka kwanza soketi, akaichomeka chipu juu yake. Nikauliza kwa nini anajipa kazi mara mbili. Akasema, "Ili siku moja fundi mwingine akitaka kubadilisha, asihangaike." Jamani! Mtu anamfikiria fundi ambaye hajamjua, hajazaliwa pengine. Mimi fundi aliyenitangulia ninamtukana, na atakayenifuata simjali asilani. Nilijisikia vibaya, halafu nikajisikia vizuri, kwamba mwanangu kapata mke wa namna hii na wala hakustahili.

Akaondoa transista mbili zilizokuwa zikiibana sauti, akaeleza zilikuwa za kuzuia mlio wa "tap" unapozima deki. "Shangazi ataweza kuvumilia tap moja?" Dada akacheka, akasema amevumilia mume anayekoroma, tap ni nini. Akaingia jikoni kuchemsha chai.

Tukabaki wawili. Mkwe akaigeuza bodi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba," akasema, sauti ya chini.

"Sema."

"Hizi kapasita mbili za njano."

Nikainama. Na pale, juu ya kila moja, palikuwa na tone la rangi ya kucha, jekundu. Moyo ukanilipuka paa! Hiyo ni alama yangu. Kila kifaa ninachobadilisha nakitia tone la rangi ya kucha, ili mteja akija kudai sikugusa kitu nimwonyeshe. Hakuna fundi mwingine mjini mwenye tabia hiyo.

"Zina nini?" nikajitia hamnazo.

"Kwenye bodi kiwanda kimeandika ukubwa wa arobaini na saba. Hizi ni sufuri nukta moja."

Sikuhitaji anieleze zaidi, lakini akaeleza, taratibu, macho yake kwenye bodi na si kwenye uso wangu. Kwamba sauti yote lazima ipite ndani ya hizi mbili. Kwamba zikiwa ndogo mno, sauti nyembamba inapita, nene inabaki nje. Kwamba Jumamosi iliyopita aliona kitu: redio ikipita kwenye zile spika, vikombe kabatini vinatetemeka; CD ikipita, kabati limetulia tuli. Sisi wote tulikuwa tukiliona hilo kabati. Tulisema ni kwa sababu CD haina besi.

Nikakumbuka kila kitu. Za mwanzo zilikuwa zimevuja. Arobaini na saba sikuwa nazo siku ile, na nilikuwa na hizi za njano, nimezitoa kwenye mtambo wa bei mbaya, mafundi wote tukizisifia kwamba hazivuji na sauti yake ni safi. Nikaona nampa dada yangu kitu bora. Tena nikajaribu! Nilijaribu kwenye kispika changu kidogo kinachoning'inia kwenye msumari mlangoni mwa karakana, ukubwa wa kiganja, ambacho nimekitumia kupimia kazi zangu zote miaka arobaini. Kile kispika hakijawahi kuijua besi tangu kizaliwe. Kiliimba safi, nikafunga kifuniko, nikaenda zangu. Miaka kumi na moja mpiga besi alikuwa amesimama nje ya mlango, na aliyemfungia ni mimi.

"Baba, umelehemu vizuri sana," mkwe akasema. "Sehemu hii sikuona risasi iliyopasuka hata moja."

Alinihurumia. Mimi, niliyemwita mbadilisha fyuzi.

"Nitaweka zinazotakiwa," akaendelea. "Shangazi tutamwambia tumeboresha. Si uongo, kweli tumeboresha."

Dada alikuwa akigongesha vikombe jikoni. Nilitakiwa kusema hapana. Nikasema, "Sawa, mwanangu."

Akamaliza. Kabla ya kuunganisha kitu chochote kwenye spika akapima ule mlango wa sauti kwa mita, kama unavujisha umeme, akangoja mpaka ikasimama kwenye sufuri. "Hospitalini hatumuunganishii mtu kitu ambacho hatujakipima," akasema. Akarudisha skrubu zote. Haikubaki hata moja.

Dada akaja na chai, akafuta mikono, akaitia CD mwenyewe. Akakaa. Mkwe akabonyeza.

Ngoma zikaanza, tarumbeta likaingia. Kisha ikaja. Sijui niseme nini. Ilikuja kutoka chini, nene, pole, imetulia, na vikombe kabatini vikaanza kulia vyenyewe. Nilimjua palepale. Kila mpiga besi ana mwendo wake, na ule ulikuwa mwendo wa shemeji, mtu asiye na haraka ya kumpendeza mtu yeyote. Na kumbe alikuwa hodari namna ile! Tarumbeta linaruka huku na huku na yeye ndiye amelishika lisianguke.

Dada alikuwa amefungua mdomo aiimbe besi, kama kawaida yake. Akaufunga. Akauacha umefungwa wimbo wote wa kwanza na wa pili. Kwenye wa tatu akapiga paja lake kwa nguvu. "Anaharakisha!" akapiga kelele. "Sikia, anaharakisha! Nilimwambia kila siku, hapa unaharakisha, akabisha!" Akacheka na machozi yanamtiririka, akamvuta mkwe wangu kifuani, akambusu kichwani, akamwita mwanangu, mama yangu, daktari wangu. Na mimi nililia, kwa nini nifiche? Nililia kwa furaha na nilimsifu yule binti moyoni kwa maneno yote niliyonayo.

Ndipo dada akakaa sawa, akafuta uso, na uso ukabadilika.

"Unaona sasa," akaniambia. "Unaona ukatili wa yule mtu? Alimzika huko chini kabisa, mpaka atafutwe na fundi wa hospitali ndipo apatikane. Angekuwa amemfuta kabisa ningesema ni hasira. Huku ni kumficha mtu makusudi. Leo namwendea pale pale kibarazani, na watu wasikie."

Mkwe akanitazama mara moja, haraka, akatazama kikombe chake. Hakuniambia niseme. Hakuniambia ninyamaze.

Nilipiga moyo konde. "Dada, Tarumbeta hakumficha mtu."

"Unamtetea?"

"Ni mimi. Nilipotengeneza deki niliweka vifaa visivyo vyake. Besi ilikuwa haipiti. Haikuwa ikipita kwa wimbo wowote, kwa CD yoyote. Huyu binti leo amekuta alama yangu ya rangi ya kucha juu yake, akataka kunisitiri."

CD ilikuwa ikiendelea. Dada alinitazama mpaka wimbo ukaisha.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema ni nzima."

"Nilisema."

Ningefurahi angenitukana. Ningefurahi angenirushia kikombe. Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Tarumbeta alipofiwa na mke wake, sikuvuka barabara kumpa pole." Akainuka, akachukua mtandio wake kwenye msumari, akatoka. Nikamfuata, na mkwe nyuma yetu.

Mzee Tarumbeta alikuwa kibarazani anajikata kucha. Alipomwona dada anavuka barabara akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Nadhani alijua anakuja kutukanwa. Hata hivyo akasalimia, kama afanyavyo kila siku.

"Shemeji, habari za mchana?"

"Nzuri," dada akasema. Akanigeukia mimi.

Basi nikasema mimi. Niliyasema yote, tangu kapasita mpaka kispika cha kwenye msumari, na kwa mara ya kwanza maishani sikujitetea. Yule mzee alisikiliza huku mkasi wa kucha umebaki wazi mkononi mwake.

"Kwa hiyo yupo?" akauliza.

"Yupo," nikasema. "Nyimbo zote."

Akakaa chini, si kitini, sakafuni. "Mimi niliacha kuisikiliza," akasema. "Mwanzoni nilikuwa naiweka namsikia. Halafu najiuliza, namsikia kweli, au namsikia kwa sababu nataka awepo? Tulikuwa tumegombana, shemeji. Kule studio mimi ndiye niliyekaa na yule mtu wa mitambo, mimi ndiye niliyesema hiki kipande, hiki punguza. Unapoambiwa kitu miaka kumi na moja... Nilifika mahali nikaamini nilimfuta."

Niliposikia hivyo nilitamani ardhi inimeze. Dada akamshika mkono, akamwinua, akavuka naye barabara wameshikana hivyo hivyo, mtaa mzima unakodoa macho.

Sebuleni kwa dada kuna viti vitatu vya kusikilizia. Akamketisha mzee katikati, mbele ya spika, akakaa kulia kwake, akamwekea mkwe wangu kiti cha kushoto. Mkwe akanyanyuka anipishe. Dada akamrudisha kwa mkono.

"Huyu atasimama," akasema.

Nikasimama. Nilisimama nyimbo zote tisa, bila kuegemea ukuta, na besi ya shemeji ilikuwa inatoka kwenye sakafu, inanipanda nyayoni, inanifika magotini.